Zahanati ya Mfalme Makoromeo wa Kwanza

Jirani wa binti aitwaye Sikudhani, Bi Havintishi, anaapa mpaka leo kwamba mgeni alipofika mbele ya zahanati ya Nyanguo alipiga magoti, akabusu ukuta, akalia mpaka blauzi ikalowa kifuani. Mahali pa magoti amepazungushia vijiwe, na kuku akikatiza hapo anarushiwa kandambili. Ukimwambia mbona wengine hatukuliona hilo busu, anakushangaa kwa huruma. "Wewe mwenzangu siku hiyo ulikuwa unaangalia wapi?"

Sikudhani mwenyewe alikuwa anaangalia hapo hapo. Tangu utotoni ni mtu wa kuangalia, kwenye ripoti yake ya darasa la saba, alikoishia, mwalimu aliandika: "Haongei, anatazama sana." Siku hiyo alisimama hatua tatu kutoka kwa mgeni, na sinia la maua mikononi kama alivyoamriwa, na alichokiona ni kwamba mgeni aliingiwa na vumbi puani, akapiga chafya mbili, akainama kuokota leso iliyomdondoka. Lakini aliyehojiwa na redio ni Bi Havintishi. Kwa hiyo busu limeingia kwenye historia ya taifa, na chafya zimebaki na Sikudhani.

Basi tuyachukue mambo yalivyokuja, tuanzie kwenye barua.

*

Katika nchi ile, ambayo siitaji jina kwa sababu wenyewe hawapendi na ninyi mnaijua, kuna Wizara ya Mambo ya Kale, Wageni na Tabasamu. Mwaka ule wizara ilikuwa na wakurugenzi kumi na tisa na mgeni mmoja. Mgeni mwenyewe ni mama wa makamo kutoka nchi ya mbali. Alikuwa ameandika barua fupi ya adabu: anaomba safari ya siku moja, ya faragha, yeye na mwongozaji wake tu. Angependa kuona magofu ya Tungamwe yaliyo chini ya mlima, kisha apande mpaka kijiji cha Nyanguo kilicho juu, apumzike kidogo, arudi zake. Hapendi makundi. Anapenda ukimya.

Barua ilisomwa kwenye kikao cha dharura. Waziri, Mheshimiwa Makoromeo, aliisoma kwa sauti mara tatu, akavua miwani.

"Ndugu wajumbe," akasema, "mgeni anataka faragha. Nawauliza sasa, na mnijibu kwa uzalendo: hiyo faragha italindwa na nani?"

Wajumbe wakatazamana. Kweli, nani?

Ndipo ikaundwa Kamati ya Kulinda Faragha ya Mgeni, watu arobaini na mmoja, magari kumi na manne. Ikaongezwa bendi ya matarumbeta, nayo ikapewa maelekezo ya maandishi ipige kimyakimya. Likaongezwa gari la kipaza sauti, litangulie mbele likiwatangazia wananchi kwamba mgeni hataki kelele. Ratiba ikachapwa kwenye karatasi ngumu yenye nembo, na kwenye saa tatu na dakika tano asubuhi paliandikwa: "Mgeni kuwa peke yake. Wote wahudhurie."

Jina la mgeni halikuandikwa popote. Kulitamka vibaya kungekuwa kosa, na hakuna aliyeweza kulitamka vizuri, kwa hiyo kikao kiliazimia aitwe Mgeni, na yeye mwenyewe asiambiwe.

*

Wiki moja kabla ya safari, alipanda Nyanguo Bwana Chitemo. Huyo ndiye aliyeteuliwa kuwa mwongozaji. Alivaa kitambulisho shingoni kilichosomeka "Mwongozaji Daraja la Kwanza", na chini yake kwa herufi za kuchungulia, "wa muda". Lugha ya mgeni alikuwa anaijua kweli, huo ndio ukweli wake mmoja, tusimnyime.

Akawakusanya watu.

"Wananchi, mgeni anakuja kuona kijiji cha mlimani. Kwa hiyo naomba mkifiche."

"Tukifiche kijiji?" akauliza mtu.

"Hiki. Mkitoe kile cha zamani."

Akasoma orodha. Ndoo za plastiki, zifichwe. Jezi za mpira, zivuliwe. Simu, zizimwe na zizikwe. Paneli za sola zilizo juu ya mapaa zigeuzwe kifudifudi zisiakisi. Asiwepo mtu wa kukohoa. Watoto waanze kucheka saa nane na robo, waache saa nane na nusu.

Alipofika mwisho wa orodha jicho lake likatua kwa Semeni, dada yake Sikudhani, aliyekuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa kwa sababu kwa mimba ile akikaa chini hawezi tena kuinuka.

"Mama, hali hiyo bado muda gani?"

"Wowote, kuanzia sasa hivi."

Bwana Chitemo akaipekua ratiba, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Siku ile sioni nafasi," akasema. "Jitahidi iwe kabla. Au baada."

"Nitamwambia," akajibu Semeni, mkono tumboni. "Ila huyu bado hajajua kusoma."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Chitemo akaandika kwenye daftari: wanacheka vizuri, wasogezwe saa nane kamili.

*

Ili uelewe kwa nini Sikudhani hakucheka, lazima ujue Nyanguo wanazaaje.

Kutoka kijijini mpaka hospitali iliyo bondeni ni kona saba za mlima, na gari lilikuwa halijawahi kupanda. Mama akishikwa na uchungu, baragumu linapigwa mlangoni kwake, na hapo wanne ambao ni zamu yao wanatoka mbio. Wenyewe wanaita kutoa bega. Kila nyumba ina bega lake na zamu yake. Kipo kitanda cha kamba chenye miti miwili mirefu, wanambeba mgonjwa juu juu, na kila kona wanabadilishana bega la kulia na la kushoto. Hakuna anayekataa. Hata waliogombana mpaka salamu zikakatika wanabeba pamoja. Mmoja anashika mbele kulia, mwingine nyuma kushoto, wanashuka mlima mzima bila kusemeshana, wanamfikisha mtu, kisha wanarudi kununiana.

Semeni alishushwa hivyo mwaka juzi, siku ya mvua. Hawakufika. Mtoto alizaliwa kona ya tatu, juu ya jiwe, waliobeba wamegeuza migongo na wanawake wameshika khanga kama paa. Hakulia. Tangu siku hiyo Semeni akipita kona ya tatu anageuza uso upande wa bonde.

Na zahanati ipo. Ndilo jambo lenyewe. Miaka kumi na moja iliyopita Mheshimiwa Makoromeo, wakati huo akiwa Mkurugenzi wa Zahanati, alikuja na mwiko unaong'aa akaweka jiwe la msingi. Wanawake wa Nyanguo wakabeba mchanga kutoka mtoni kwa vichwa. Kuta zikapanda zikapita madirisha. Siku moja mafundi wakasema wanakwenda kula cha mchana, wakashuka mlima, na mpaka leo hawajamaliza kula. Kwenye makaratasi ya wizara, hata hivyo, jengo lilikamilika, likafunguliwa kwa shangwe, likawekewa jokofu la chanjo na bustani ya maua. Mheshimiwa akapandishwa cheo kwa bustani hiyo. Huku juu, kwenye chumba kilichokusudiwa kujifungulia, ukaota mti wa mtini, na chini ya mtini ndipo watu walipokuwa wakiegesha kile kitanda, kwa kuwa palikuwa na kuta, na kuta ni kitu.

Sikudhani alipanga neno lake wiki nzima, akilitwanga pamoja na mahindi. Angemwomba Mheshimiwa amalizie chumba kimoja tu. Paa, mlango, na mkunga.

"Nitasema mbele ya mgeni," alimwambia dada yake. "Mbele ya mgeni hawezi kukataa."

"Hatakataa," alisema Semeni. "Wale hawakataagi kitu, mdogo wangu. Ndiyo ugonjwa wao."

*

Siku ikafika. Greda lilikuwa limechonga barabara usiku na mchana ili magari yapande, barabara ambayo Nyanguo waliambiwa miaka yote kwamba mwamba hauruhusu. Mwamba ukaruhusu kwa siku nne.

Wanawake kumi na wawili waliteuliwa kumpokea mgeni na masinia ya maua, Sikudhani akiwemo. Kwa vile bajeti ilisema wanawake ishirini na wanne, waliagizwa wampokee chini kwenye magofu, kisha wakimbie kwa njia ya mkato, wabadilishe khanga, wampokee tena juu wakiwa watu wengine.

Magofu ya Tungamwe yalikuwa maarufu dunia nzima kwa lango lake na ukuta wake mrefu wa mawe ya kuchonga. Mgeni alishuka garini na kofia yake ya ukindu, akaangalia mbele, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Palikuwa na uwanja uliofagiliwa vizuri sana, na vibao. Kimoja kiliandikwa: "Hapa palikuwa na lango." Kingine: "Hapa palikuwa na ukuta." Cha tatu kilikuwa kimeng'oka, na mahali pake pamewekwa kipya: "Hapa palikuwa na kibao."

Nyuma ya vibao lilisimama jengo la ghorofa mbili la mawe ya kuchonga, lenye mapazia na viyoyozi. Hiyo ndiyo Ofisi ya Taifa ya Uhifadhi wa Magofu.

Mheshimiwa Makoromeo akapanda jukwaani. "Mgeni wetu mpendwa! Nchi nyingine zinaacha magofu yao nje, yanyeshewe, yanyewe na ndege. Sisi tumesema hapana! Tumeyachukua magofu yetu tukayaweka mahali salama." Akanyoosha mkono kuelekea ofisini kwake. "Hakuna jiwe lililopotea. Yote yapo, na sasa yamepangwa vizuri kuliko walivyoyapanga wazee!"

Kamati ikapiga makofi ya faragha, yale ya vidole viwili.

Mgeni alisikiliza tafsiri ya Bwana Chitemo akiwa ameinamisha kichwa. Akaivua kofia, akajipepea, akainua macho juu ya mlima. Akayaacha huko. Kisha akauliza jambo, na Bwana Chitemo akageuka taratibu kama mtu aliyeguswa na kitu cha baridi shingoni.

"Anauliza, na yale kule juu je?"

Watu wote arobaini na mmoja wakatazama juu. Kileleni, juani, zilisimama kuta za mawe zisizo na paa, madirisha yao matupu, na katikati yake mti mkubwa umepasua anga.

Sikudhani hakutazama juu, anazijua. Alimtazama Mheshimiwa. Aliona tone la jasho likitoka nyuma ya sikio, likapita shingoni, likazama kwenye kola. Hesabu yake ilionekana usoni kama maandishi ubaoni: akisema ni zahanati, kesho ataulizwa jokofu liko wapi, na bustani ya maua, na cheo.

Mwanasheria wa wizara, mzee mmoja mkavu anayetembea na kitabu kwapani, akamsogelea akamnong'oneza. Kifungu cha nne cha Sheria ya Mambo ya Kale: jengo lolote lililokaa bila paa kwa masika kumi mfululizo, na ambalo hakuna anayekumbuka aliyelijenga, ni gofu la taifa.

Rangi ikamrudia Mheshimiwa.

"Yale," akatangaza, "ndiyo magofu yenyewe! Haya ya chini tulikuwa tunamwonjesha tu!"

*

Sikudhani na wenzake walipanda mbio kwa mkato, wakabadilisha khanga nyuma ya choo, wakasimama mbele ya zahanati wakihema. Magari yakafika. Bendi ikapuliza matarumbeta yaliyozibwa matambara. Mgeni akashuka, vumbi la magari kumi na manne likamfikia, na hapo ndipo zilipotokea zile chafya mbili ambazo Bi Havintishi anaziita busu.

Lakini mgeni alifurahi, hilo Sikudhani hawezi kulikana. Alipapasa ukuta kwa kiganja. Alizunguka kona, akakutana na jiwe la msingi, akachuchumaa mbele yake. Maandishi yalikuwa yamechongwa vizuri: JIWE HILI LA MSINGI LIMEWEKWA NA NDUGU MAKOROMEO, kisha tarehe, ambayo mvua ilikuwa imeila nusu.

Akauliza yanasemaje.

Bwana Chitemo akamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa akatazama jina lake. Ungetegemea mtu mwenye akili aseme maandishi hayasomeki. Ila Mheshimiwa hajawahi kuliona jina lake mahali akalipita bila kulisalimia.

"Mwambie ni la mfalme," akasema. "Mfalme Makoromeo wa Kwanza. Mwambie na mimi natoka ukoo huo huo."

Mgeni akamtazama Mheshimiwa kwa macho mapya, akanakili herufi zote kwenye daftari lake, moja moja. Wapiga picha wakampiga Mheshimiwa akiwa ameegemea ukuta kwa ubavu, sura ya kifalme.

Wakaingia ndani. Kwenye chumba cha kujifungulia mgeni akausifu mtini, akakiona kitanda cha kamba na miti yake miwili.

"Na hiki?"

"Kiti cha enzi," akajibu Bwana Chitemo, kwa lugha ya mgeni kwanza, kisha kwa Kiswahili ili Kamati ijue imekubaliana na nini.

"Mbona kirefu?"

"Mfalme alitawala akiwa amelala."

Mheshimiwa akakubali kwa kichwa. Hapo hakuna aliyebisha. Hata Sikudhani aliona kwamba kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu wa wizara amesema jambo linaloaminika.

*

Ikabaki kipande cha pili cha kifungu cha nne, kile cha kutokumbuka. Karani akakunjua meza, akatoa Fomu ya Kutokumbuka, nakala tatu kwa kila mwananchi.

Wa kwanza kuitwa ni Bi Havintishi.

"Unakumbuka nani alijenga hapa?" akauliza karani.

"Baba, hapa?" Bi Havintishi akajishika kiuno. Alikuwa hajawahi kuulizwa kitu na serikali. "Hapa walijenga majitu. Bibi yake bibi yangu aliwakuta. Jitu moja kichwa hapa miguu mtoni. Wakila, ng'ombe wawili asubuhi, uji pipa zima!"

Karani akaandika "hakumbuki". Mtu wa redio akamsogezea kinasa sauti, na Bi Havintishi akasogea nacho kivulini, hakurudi tena.

Wengine wakafuata. Wapo waliosaini kwa kuogopa, wapo waliosaini kwa kuwa waliahidiwa soda, na mzee mmoja alisaini kwa kuwa kweli hakumbuki kitu, hata jina lake, karani akamsaidia. Foleni ikafika kwa Sikudhani.

"Unakumbuka nani alijenga?"

"Nakumbuka."

Kalamu ikasimama hewani.

"Nilikuwa na miaka minane," akasema Sikudhani. "Mama yangu alibeba mchanga hapa kwa kichwa, kutoka mtoni. Mama zetu wote. Nywele za utosi zilinyonyoka. Na huyu Mheshimiwa ndiye aliyeweka lile jiwe, akaahidi zahanati."

Mgeni, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja akinywa maji ya dafu, aliona uso wa Sikudhani akauliza binti anasema nini.

"Anasema," akatafsiri Bwana Chitemo, "mababu zake wa kike walibeba mchanga kwa vichwa kumjengea mfalme."

"Oo," akasema mgeni, akaandika. Machozi yalimlengalenga, ya kweli.

Sikudhani hakuijua lugha ile, lakini anajua kutazama. Aliona maneno yake yameingia upande mmoja yakatoka upande wa pili yamevaa nguo nyingine. Hata hivyo akasogea. Neno alilolitwanga wiki nzima likatoka lote:

"Mheshimiwa, shikamoo. Tunaomba mtumalizie chumba hicho kimoja. Paa, mlango, na mkunga. Dada yangu siku zake zimefika. Tusizalie tena njiani."

Mheshimiwa akatabasamu. Ndivyo alivyosema Semeni: hawakatai. "Ombi zuri sana, binti yangu! Mwambie mgeni."

Bwana Chitemo akageuka. "Anaomba," akamwambia mgeni, "mahali hapa patakatifu pasiguswe na mtu yeyote, milele."

Mgeni akasimama akapiga makofi. Kamati yote ikasimama ikapiga makofi, safari hii kwa viganja. Na Mheshimiwa akatangaza hapo hapo kwamba kwa ombi la wananchi wenyewe, lililotolewa na msichana wa kijiji mwenye uchungu na urithi wake, kuanzia dakika hiyo ni kosa la jinai kuongeza jiwe, bati, mlango au mtu kwenye magofu ya Mfalme Makoromeo wa Kwanza. Kiti cha enzi kitahamishiwa makumbusho ya taifa, mahali salama.

Sikudhani alibaki na sinia lake. Kuna makosa ambayo mtu hawezi kuyafanya popote isipokuwa kwenye nchi ile, na moja ni hilo: kuomba zahanati ukapewa sheria ya kuizuia, kwa jina lako.

*

Watoto walikuwa wanacheka, saa nane na dakika ishirini, kama ilivyopangwa, baragumu liliposikika kutoka mlangoni kwa Semeni.

Watoto wakanyamaza. Bendi ikadhani ni kifaa chao, ikaanza kuitikia, kisha nayo ikanyamaza.

Wanne wa zamu walitoka mbio: mjane mmoja, kijana mmoja wa kufyatua matofali, na ndugu wawili wasiosemezana. Wakaingia zahanati. Wakatoka mikono mitupu. Kitanda kilikuwa kimeshafungwa kamba juu ya gari la wizara, kimefunikwa turubai, na kikaratasi kinaning'inia kwenye mti wake: "Cha kale. Usiguse."

"Tunakihitaji," akasema yule mjane.

"Mna fomu ya kuazima?" akauliza karani.

"Fomu gani, mwanangu? Mtu anazaa!"

"Kama hamna fomu siwezi. Kimeshasajiliwa. Hata mimi mwenyewe siruhusiwi kukitazama sana."

Wale ndugu wawili wakasemezana. Tusi moja tu, na lilikuwa la karani, lakini ndilo neno lao la kwanza baada ya miaka sita.

Sikudhani alikimbilia kwa dada yake kwanza. Semeni alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili, jasho linamtiririka, khanga imelowa chini.

"Maji yameshamwagika," akasema kwa meno yaliyobanwa. "Kitanda kinakuja?"

"Kinakuja kitu," akasema Sikudhani, akageuka.

Magari kumi na manne yalikuwa yameshawasha injini, pua zote zikielekea bondeni. Barabara ilikuwa laini kama mkeka, imechongwa juzi. Kwa gari, kona saba zile ni robo saa. Sikudhani alilipita la bendi. Viti vitatu vitupu, matarumbeta yamekalishwa. Alilipita la kipaza sauti. Dereva peke yake, anakula karanga. La mwanasheria, yeye na kitabu chake, kimefungwa mkanda.

Kwa kila moja aliomba. Dereva wa kwanza akasema waulize wa nyuma. Wa nyuma akasema muulize wa mbele. Mwanasheria akafungua kioo kidogo akaeleza kwa upole kwamba safari ni ya faragha, na mtu asiyekuwemo kwenye ratiba akipandishwa faragha itakuwa imevunjwa, na mwenye kuivunja atakuwa ni yeye aliyepandishwa, na kwa hali yake ya sasa hapendekezi ashtakiwe.

Akalifikia gari la mgeni. Kioo cha nyuma kilikuwa wazi. Mgeni alikuwa ameshaweka daftari mapajani, uso umetulia, uso wa mtu aliyeshiba siku yake. Pembeni yake Mheshimiwa, mbele Bwana Chitemo. Katikati ya mgeni na Mheshimiwa palikuwa na nafasi pana, na kwenye nafasi hiyo imelazwa kofia ya ukindu.

"Kaka Chitemo," akasema Sikudhani, pumzi zinakatika. "Mwambie hivi hivi ninavyosema. Usiongeze, usipunguze. Dada yangu anazaa. Kitanda mmechukua. Naomba nafasi ya mtu mmoja mpaka hospitali chini."

Mgeni akamtazama kwa upole, akamgeukia Bwana Chitemo, akauliza kwa lugha yake. Hilo halikuhitaji tafsiri. Anasema nini?

Bwana Chitemo akafungua mdomo. Sikudhani alimwona, kwa mara ya kwanza siku nzima, akitafuta neno na si pambo lake. Kisha jicho lake likapanda kwenye kioo cha dereva, likakutana na jicho la Mheshimiwa. Mdomo ukafungwa. Mheshimiwa akainamia ratiba, kidole kikishuka mstari kwa mstari kama anayeisoma kwa mara ya kwanza: saa nane na nusu, kuondoka, saa tisa kamili, mgeni kufurahishwa na mandhari.

Nyuma, mlangoni, Semeni akapiga ukelele mmoja mrefu. Mgeni akashtuka, akauliza tena, safari hii haraka, akimgusa Bwana Chitemo begani. Bwana Chitemo akatazama mbele, barabarani.

Gari likaanza kusogea. Sikudhani akashika ukingo wa kioo kwa mikono yote miwili, akatembea nalo.

"Nafasi moja tu," akasema, sasa akimwambia mgeni mwenyewe, usoni, kwa Kiswahili asichokijua mgeni. "Ya mgonjwa. Mimi nitatembea."